Waya Moja Yenye Niliacha Ndani ya Radio

Niseme haya yangu mbele, mucheke mumalize: ni mi nilileta rumba kanisani kwetu, mujini Baraka, katikati ya maombi, na sikukuwa nimelewa.

Miaka ile ya hamsini gitaa ilikuwa kitu ya bare, kule kwa balevi, kanisani tuliimbaka na midomo tu. Mama Nyota, mukubwa wa kwaya, akabembeleza bazee ba kanisa muda murefu, mpaka bakakubali tujaribu gitaa yangu Jumapili moja. "Ikiharibika, muniulize mimi," akabaambia.

Sasa gitaa yangu sauti ilikuwa ndogo (kanisa kubwa, bamama beko na makoo!), basi nikafungua radio ya zamani, zile za taa ndani, nikaunga waya ya gitaa pale sauti inaingiliaka, radio iikuze. Kwa haki nilipaswa kukata waya ya kukamata stesheni. Lakini na hii roho yangu ya kuchokora nikajiuliza: nikiacha zote mbili, itakuwa je? Nikajaribu kwangu, ile waya imekunjwa chini: gitaa tu, safi. Nikaiacha.

Jumapili, shemasi akaona waya imelala chini. "Hii itaangusha bamama! Pandisha." Nikaifunga kwa mabati ya paa, hata kufikiri sikufikiri.

Wimbo wa kwanza, aa, hata bazee balitikisa kichwa kwa kufurahi. Pasta akasema, "Tuombe." Macho yote yakafungwa. Sanduku ya radio ikakohoa, halafu mutangazaji mumoja wa Léopoldville akaita batu bakuje kunywa bière ya baridi, na rumba ikafuata! Nikaruka nipunguze sauti, nikazungusha kifungo upande mubaya, ikapanda. Na niungame yote: mbele ya kuizima nilisimama kidogo nikisikiliza, nikisema rohoni, kumbe na waya kwa mabati Léo inafika huku safi hivi!

"Gitaa itoke," muzee mumoja akasema, macho bado yamefungwa.

Jumapili yenye kufuata bazee bakapa kwaya mutu mwingine. Mama Nyota alikaa benchi ya nyuma kabisa, akiimba polepole. Nikaenda kumuomba musamaha, akauliza neno moja tu: "Ulijua ile waya iko bado ndani?"

"Ndiyo, Mama."

Akafunga kitabu yake ya nyimbo, akaenda. Afazali angenitukana.

Kuchokora sijaacha, nisibadanganye. Lakini niliapa: kitu yenye sijajua itafanya nini, nitaijaribu kwangu, pale jina yenye inaweza kuharibika ni yangu peke yangu.