Roho ya Buibui Mikononi mwa Wifi

Jua halijapanda sawasawa. Mwanamke ambaye majirani humwita Buibui ameketi ukingoni mwa paa la ghorofa ya kumi na moja, miguu ikining'inia hewani, ndoo ya maji ya sabuni ikiwa kiunoni. Kazi yake ni kusafisha vioo vya majengo marefu. Nyuma yake, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ameshika kamba ya usalama.

"Uko?" anauliza Buibui.

"Nipo."

Ndipo anapojiachia.

Wengi hudhani mazoea yameiua hofu yake. Yeye anasema hofu inakua kadiri anavyokua. Ilizidi mwaka jana, kamba kuu ilipochomoka kwenye ndoano.

"Niliona vioo vinapanda kwa kasi, kumbe ninayeshuka ni mimi," anasimulia. "Halafu nikakwama. Kutoka juu, kimya. Nikadhani wifi naye kaanguka."

Alipovutwa juu na walinzi wa jengo, alimkuta wifi amelala kifudifudi, miguu ameikaza ukutani, meno ameyauma, viganja vimechubuka hadi nyama. Hakuwa ameachia kamba. Tangu siku hiyo vidole vyake vya kushoto havikunjiki vizuri.

Mwezi uliopita bosi alimwita Buibui na kumpa kazi kwenye jengo refu zaidi, kwa mshahara mara mbili. Sharti lilikuwa moja: kamba ishikwe na kijana mwenye nguvu. Buibui ana watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga. Wifi mwenyewe alimsihi akubali. Alisema yeye angefua nguo za watu.

Buibui aliijaribu kazi hiyo siku moja. Akiwa katikati ya ukuta aliinua macho, akamwona kijana anacheka na simu. Alipanda tena.

"Kijana si mbaya," anasema. "Lakini mimi nikifa, yeye atatafuta kazi nyingine. Wifi akiniachia, ameiangusha nyumba yake mwenyewe."

Alikataa. Bosi akamwambia maskini hachagui. Buibui anasema alitamani kumjibu kwamba yeye si maskini kihivyo, ila moyoni aliogopa kwamba huenda bosi yuko sahihi kuhusu wifi.

Kwa maana mkono wa wifi unadhoofika, na wote wawili wanajua. Wamechanga wakanunua breki ya chuma ya kuizuia kamba isiteleze. Hata hivyo, akining'inia hewani, Buibui husikiliza kila mtikisiko wa kamba.

Mpango wao ni kushuka kabisa kabla ya mwaka kwisha, wasafishe vioo vya maduka wakiwa wamesimama ardhini. Kipato kitapungua nusu. Wifi amekwisha kulalamika kwamba Buibui atamchosha kwa maneno, sasa kwa kuwa watafanya kazi bega kwa bega.

"Na anichoke," anasema Buibui, akikagua mkanda wake. "Nataka tuzeeke tukigombania redio."