Kisima Kilichopumzishwa

Siku ya kwanza kazini, pale ofisi ya maji Shinyanga, sikupewa kiti. Nilipewa utepe wa kupimia kina, waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu, wenye ncha inayolia ikigusa maji. Mhandisi wa Maji, mzee wa maneno machache, alinipeleka kisima cha uani nikapima mara tano, nikapata majibu matano. Alicheka kutwa nzima. Mimi sikucheka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kibali cha kutumia maji. Wengi hudhani ukinunua shamba lenye kisima umenunua na maji. Hapana. Maji ya chini ya ardhi ni ya umma. Mwenye kisima ana ruhusa tu ya kuvuta kiasi kilichoandikwa, kwa kazi iliyoandikwa. Kubadili jina kwenye kibali ni jambo dogo. Kubadili kazi ya maji ndiko kwenye shughuli: tangazo libandikwe ofisi ya kata, wenye pingamizi wasikilizwe, pampu ijaribiwe huku visima vya jirani vikipimwa kama vinashuka.

Nikahamishiwa Geita, nikakaa miaka na wachimbaji, kila mmoja akitaka kibali kabla sijashuka kwenye pikipiki. Niliporudishwa Shinyanga nilikuwa najiona bingwa, na hapo ndipo nilipoteleza.

Huko Kishapu mtu mmoja alikuwa ameuza kinu chake cha kuchambulia pamba, pamoja na kisima, kwa mfanyabiashara wa dhahabu. Kinu kilitumia maji msimu wa pamba tu. Mtambo wa kuchenjulia dhahabu ungevuta mwaka mzima. Tulijaribu pampu tangu asubuhi hadi jioni. Kisima cha jirani kilikuwa cha Mama Limi, mjane mwenye ng'ombe, na kaya nyingi zilikitegemea. Kilishuka unene wa kidole tu. Nikaandika kwamba hakuna athari, nikasaini.

Nilipokwenda kumuaga, Mama Limi alinisogezea kigoda, akauliza kama tumepima vizuri. Nikamwambia vizuri sana, na kwamba nilishangaa kisima kilivyotulia bila fujo za ndoo.

"Tulikipumzisha, Baba Kulwa," akasema. "Wageni wa serikali wanakuja kupima, sisi tuwachafulie maji? Ng'ombe tuliwapeleka lambo la mbali tangu juzi."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Heshima yao ilikuwa imeharibu kipimo changu, nami bingwa sikuuliza swali hata moja. Nilipomweleza kwamba kisima kilichopumzika hudanganya kipimo, akauliza kiangazi kikifika ng'ombe wake watakunywa wapi. Nikarudi ofisini nikakiri kosa.

Bosi wangu wakati huo, Afisa Maji wa Bonde, alikuwa mama mpole ambaye hakuna aliyethubutu kumchezea. Mfanyabiashara alikuwa ameshaagiza mitambo na alipiga simu kila siku. Nilijua kazi sina. Mama yule aliisoma ripoti, akanirudishia.

"Andika ulivyokosea, kwa mkono wako, iingie kwenye jalada," akasema. "Halafu urudi ukapime, na safari hii ng'ombe wanywe."

Tukarudi. Ng'ombe wakanywa, ndoo zikapishana, utepe wangu ukajaa tope. Kabla ya adhuhuri kisima kilikuwa kimeshuka zaidi ya urefu wangu, na hadi kesho yake asubuhi hakikuwa kimerudi. Mfanyabiashara alinuna, lakini kipimo hakibembelezwi. Alipata nusu ya maji aliyoomba, kwa sharti. Nilichora mstari mwekundu ndani ya kisima cha Mama Limi; maji yakishuka mstari ukaonekana, mtambo unazima pampu. Mlinzi wa mstari akawa yeye mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Kolandoto. Vijana wa ofisi wana vyombo vinavyotuma vipimo kwenye simu, na ninawaonea wivu. Nawaambia neno moja tu: kabla ya kushusha chombo, muulizeni mwenye kisima kama leo ni siku ya kawaida.

Kiangazi kilichopita simu yangu iliita. Alikuwa Mama Limi.

"Baba Kulwa, mstari umeonekana."

Nikaanza kumweleza kwamba mimi si mtumishi tena, ngoja nimtafutie namba ya ofisi.

"Namba ninayo. Pampu wameizima tangu asubuhi," akasema. "Nimeona nawe usikie."

Akaisogeza simu kwenye birika la kunyweshea mifugo, nikawasikia ng'ombe wakinywa.