Nilijiunga na club ya biashara shuleni, mama yangu akageuzwa "competition"

Wakuu, heshima kwenu, mlioamka na mliolala.

Hii ni yangu mwenyewe, si ya rafiki wa rafiki. Sitaongeza chumvi, maana ilivyo inatosha.

Nilisoma secondary moja ya kutwa hapa Nyeri, si mbali na Gatitu. Jina la shule nitaliacha. Nikiwa Form Two nikajiunga na club ya wanafunzi ya biashara na uongozi, ile ya kuvaa blazer na badge na kutamka "entrepreneurship" kila baada ya sentensi mbili. Mwisho wa mwaka mnashindana na shule zingine.

Blazer ndiyo iliniingiza, nisiwadanganye. Sweta yangu nilirithi kwa dada na viwiko vilikuwa vimeisha.

Sasa, mama yangu alikuwa akiuza avokado kwa gate ya shule hiyo hiyo.

Kama umesoma Kenya unajua githeri ya shule, yale mahindi na maharagwe, bila avokado ni adhabu. Na huku kwetu kila boma ina mti wake, kwa hivyo mtu mzima hanunui. Mteja ni mwanafunzi tu. Ukitoka kwa gate ya shule, hiyo biashara haipo.

Mama alinunua kwa majirani zikiwa bado mtini, anaivisha mwenyewe, na asiyeweza kununua nzima anakatiwa nusu. Karo yetu ilitoka hapo.

Club ikatafuta project. Patron wetu, mwalimu wa Business, akaamua tuuze avokado ndani ya shule wakati wa lunch. Broker akatuletea magunia kutoka Murang'a. Nyingi zikaoza, na zilizobaki ungeweza kujengea ukuta.

Mimi na kiherehere changu nikainua mkono. Nikasema mama anajua kuivisha.

Akaitwa. Akaja na nguo ya kanisa. Akatufundisha tusichanganye za miti tofauti kwa gunia moja, tuweke ndizi mbivu katikati, tuminye karibu na kikonyo wala si tumboni. Hakutaka malipo. Patron akampiga picha akiwa ameshika beseni, anacheka.

Siku hiyo nilitembea kifua mbele, wakuu. Nilijivunia mama yangu kabisa.

Zetu zikaanza kuiva vizuri. Lakini wanafunzi waliendelea kwenda kwa gate, kwa sababu sisi hatukukata nusu. Patron alisema nusu inaharibu pricing.

Ndipo kwa kikao akatangaza kwamba ataongea na principal kuhusu biashara ya hapo kwa gate.

Aliyepinga ni mmoja tu, Hetal, msichana wa familia ya Wahindi wenye duka la vitambaa mjini. Alisema, "Mwalimu, kwetu kuna fundi wa cherehani kwa veranda, ako hapo tangu time ya babu. Daddy hawezi mtoa. Watu wanakujia fundi, ndio wanaingia kwetu."

Patron akamjibu kwamba hapa tunajifunza business, huruma apeleke kanisani. Watu wakacheka.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilijua mama hawezi kuguswa, kwani si yeye aliyetufundisha?

Shule ikafungwa. Tulipofungua, kulikuwa na notisi kwa gate kwamba hawkers hawaruhusiwi, kwa ajili ya afya ya wanafunzi. Askari wa gate ndiye aliyemsomea mama. Jioni mama akaniambia, "Ni mambo ya afya, maitu. Si unajua kuna hii cholera. Wacha nitafute kazi ingine."

Maitu ni mama yangu kwa Gĩkũyũ. Huniita hivyo kwa sababu mimi nilipewa jina la mama yake.

Akaanza kuchuma kahawa za watu. Dada yangu mkubwa akasimamisha college mwaka huo, na hajarudi hadi leo.

Mashindano yakafika, kwa ukumbi mmoja Nyeri town, wazazi wamealikwa. Mama akaacha kibarua siku hiyo ili aje kuniona na blazer.

Chairman wetu akapresent kwa Kiingereza cha puani. Strengths. Weaknesses. Opportunities. Halafu ikaja slide ya Threats, yaani vitu vinavyotishia biashara yetu.

Chini yake wakaweka picha ya mama. Ile ile ya beseni, anacheka. Pembeni imeandikwa: "Informal vendor at gate. Status: eliminated." Yaani mchuuzi wa gate, tayari tumeshamwondoa.

Mama aliishia darasa la nne. Kiingereza hakijui. Alichoona ni uso wake kwa screen kubwa mbele ya watu wote wa maana.

Akasimama. Akapunga mkono.

Watu wa nyuma ambao hawakuwa wanafuatilia wakampigia makofi. Patron naye akapiga. Huyo mtu sitamsamehe, na msiniletee mahubiri.

Tulishinda. Tukienda nyumbani mama akaniuliza, "Hapo kwa picha yangu walikuwa wameandika nini?"

Nikamwambia wameandika asante.

Akasema, "Hao walimu wako na roho safi."

Patron sasa ni deputy, na notisi bado iko kwa gate.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akianza kukuhubiria habari za competition, mwulize hiyo competition ni nani, akutajie jina. Na ukimtaja mzazi wako mbele ya watu wa aina hiyo, jua umemkabidhi kwao.

Sababu ya kuandika leo ni kwamba last born wetu ameingia shule hiyo hiyo mwaka huu. Juzi tukila alisema hajui achague club gani.

Mama hakungoja amalize. "Ingia ile ya biashara. Hao ndio watu waliwahi kuniheshimu."

Mdogo wangu akanigeukia, kwa sababu mimi nilikuwa member. Nikajifanya naenda kuongeza chai.

Wakuu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Changieni, hata mwenye matusi namkaribisha. Nikimkataza huyu mtoto, mama ataniuliza kwa nini.