Jinsi Zulmira Alivyoipata Nyumba ya Amial

Zulmira alizaliwa chini ya nyumba aliyokuja kutaka kuinunua. Nasema chini, wala sikosei. Wazazi wake walikuwa watunza shamba wa Amial, na watunza shamba walikaa vyumba vya chini, ukuta mmoja na zizi. Mabwana walitembea juu ya dari yao. Akiwa mdogo aliweza kukuambia ni nani anayepita huko juu kwa kusikiliza mbao tu: huyu bwana mkubwa na bakora yake, huyu binti yake, Bi Leocadia, na viatu vyake vya visigino.

Tulipokea komunyo ya kwanza pamoja, yeye na mimi, kwa magauni ya kuazima. Baadaye akaolewa, akaenda Ufaransa kama wengi wa kwetu. Huko Paris alitunza jengo la fleti: kufagia ngazi, kugawa barua, kuwafungulia watu lango. Akakaa chumba cha chini tena, kana kwamba vya juu vimeandikwa majina ya watu wengine. Kila Agosti alirudi likizo, na kabla hajamsalimu mtu alishuka kwanza mtoni kuitazama Amial.

Na kwa kweli ilistahili kutazamwa. Ni nyumba ya mawe, ya zamani kuliko kanisa letu. Ina ngao ya ukoo juu ya mlango mkubwa, na ngazi pana mbele kama mikono iliyokunjuliwa. Lakini bwana mkubwa alikufa, mtoto wake wa kiume akahamia Brazili asirudi, naye Bi Leocadia akaenda kukaa mjini Braga. Vigae vikaanza kuanguka. Kuvu ikaishika ngao hata usijue kama mnyama wake ni simba au mbwa. Kilichobaki hai ni shamba, kwa sababu Avelino, kaka yake Zulmira, hakuliacha: ng'ombe wawili wa pembe ndefu, mizabibu juu ya nguzo zake, mahindi, sukuma, kuku, na ghala la nafaka lenye miguu ya mawe. Yeye mwenyewe alijenga kijumba kando ya barabara, maana vyumba vya chini vilikuwa vinavuja.

Mumewe Zulmira alipofariki, Mungu amrehemu, Zulmira alirudi kabisa. Hakupumzika hata wiki. Alipanda basi hadi Braga, akamwambia Bi Leocadia kwamba anataka kuinunua Amial, nyumba na shamba lake, kwa akiba yake ya Paris.

Watu walicheka, sitaficha. Jumapili baada ya Misa, Belmiro, yule anayebeba msalaba wa parokia, alimsimamisha mlangoni pa kanisa.

"Dada Zulmira! Ukishakuwa bibi wa jumba, sisi tutakuita nani? Malkia?"

"Niite ng'ombe wako akishindwa kuzaa, Belmiro, kama zamani. Si ndiyo siku pekee unayonikumbuka?"

Watu wakaangua kicheko, na Belmiro naye akacheka, maana ng'ombe wake wawili walitolewa ndama na mikono ya Zulmira kabla hajaenda Ufaransa.

Bi Leocadia hakucheka. Kulikuwa na bwana mmoja wa Porto aliyeitaka nyumba ile aifanye ya wageni, achimbe na bwawa la kuogelea pale kwenye mahindi. Bwana yule alijua kuongea, na alikuwa na haraka. Bi Leocadia alimwita Zulmira, akamwambia wazi. Nilikuwepo, maana nilimsindikiza.

"Binti wa Gracinda, wewe ni mtu mwema, nakujua. Lakini watu wa jikoni huishi jikoni. Nimeona kwa macho yangu. Wananunua nyumba kubwa, wanafunga vyumba vya juu, wanaweka viazi ukumbini, na nyumba inaoza ikiwa na watu ndani. Sitaki Amial ife hivyo. Afadhali bwana wa Porto."

Zulmira aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa na Gracinda, mama yake.

"Nitakupa funguo," Bi Leocadia akaendelea. "Pasaka hii fungua nyumba. Nitakuja Jumamosi nilale chumbani kwangu. Nataka msalaba uingie Amial kama ulivyoingia enzi za baba, na mwenye nyumba aupokee. Nikiona nyumba inapumua, tutakwenda kwa mwanasheria tuandikiane. Nisipoona, basi mwanangu, usinilaumu."

Kwetu msalaba hutembea nyumba kwa nyumba siku ya Pasaka, kengele ikitangulia. Anayetaka kuupokea hutandaza maua na majani ya shamari mbele ya mlango wake. Pasipo na maua, msalaba haugongi. Unapita. Na ukishapita haurudi nyuma, kwa sababu Bwana akishafufuka harudi kaburini. Ndivyo tulivyofundishwa, wala sijaona ukirudi.

Kwaresima ile yote Zulmira alifanya kazi ambayo wanaume watatu wangeigawana wakalalamika. Alifukuza popo. Alipanda juu ya paa mwenyewe na vigae kwenye kikapu, huku Avelino akimshikia ngazi na kumwombea kwa sauti, mpaka akamwambia, "Kaka, omba kimya, unanitia hofu." Alisugua mbao za ukumbi kwa nta hadi ukaona sura yako. Aliwasha moto katika kila chumba chenye dohani ili ukuta utoe unyevu. Asubuhi alikamua ng'ombe, jioni alirudi kuwafungia, na katikati alikuwa na ndoo mkononi. Nilikuwa nikimletea supu, nikamwona anakula amesimama. Mtu anayependa kitu humwoni akichoka. Unaona tu mikono yake imepasuka.

Jumamosi Kuu Bi Leocadia akaletwa na gari. Akapanda ngazi, akapita ukumbini polepole huku anagusa viti. Hakusema neno ila, "Pana harufu ya moto. Vizuri." Akaenda kulala.

Asubuhi ya Pasaka tulikuwa wawili jikoni, Zulmira na mimi. Fataki zikalia kutoka kanisani, kumaanisha msalaba umetoka. Keki ya mayai ilikuwa mezani, mvinyo tayari, lozi za sukari kwenye sahani. Alikuwa ametandaza maua tangu alfajiri: kamelia nyekundu na nyeupe, moja baada ya nyingine, na shamari pembeni ikinukia. Nilimpa vikapu kwa mkono wangu. Sijapata kuona zulia zuri kama lile. Akavaa gauni lake jeusi, akafunga aproni safi, tukasimama mlangoni kusubiri.

Kengele ikasikika barabarani. Ikakaribia. Ikanyamaza kidogo, upande wa mbele wa nyumba. Kisha ikaanza tena, ndogo, ndogo zaidi.

Tukatazamana. Huko juu bakora ikagonga sakafu.

"Zulmira!" Ilikuwa sauti ya Bi Leocadia. "Msalaba unakwenda wapi?"

Zulmira akatazama maua yake. Akatazama ua, kuku, zizi, kisima. Akashika mdomo.

"Mlango," akasema. "Yesu wangu. Mlango!"

Maua yote yalikuwa kwenye mlango wa jikoni. Pale mama yake alipokuwa akiupokea msalaba kila mwaka, baada ya mabwana kuupokea mbele. Yeye alikulia kwenye mlango huo, mimi niliingia kwa mlango huo, na katika wiki zote za kusugua na kung'arisha hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba mwenye Amial hupokea kwa mlango mkubwa. Mlango wenyewe aliupaka mafuta bawaba zake, akausugua, halafu akaufunga. Belmiro na wenzake walifika chini ya ngazi, wakakuta mawe matupu na mlango umefungwa, wakasema Amial ni ile ile, wakapita. Nani angezunguka kutazama upande wa zizi, ambako hapakai mtu tena?

Zulmira alikimbia. Mwanamke wa umri wetu, na aproni, kwenye njia ya mtoni yenye matope! Nikamfuata, nikihema. Tuliwakuta karibu na kinu cha zamani, pale mashua inapongoja kuuvusha msalaba kwenda nyumba za ng'ambo. Avelino ndiye mpiga kasia kila mwaka. Belmiro alikuwa ameshainua mguu mmoja kuingia, joho jekundu amelikusanya mkononi.

"Belmiro!"

"Aleluya, dada Zulmira! Mbona mbio? Nyumba inaungua?"

"Msalaba haukuingia kwangu."

"Hapakuwa na maua."

"Yapo. Yapo jikoni. Nimekosea mlango."

Belmiro alimtazama, na wengine wakatazama chini. Mmoja akacheka puani.

"Mama wa Paris amekosea mlango wa jumba lake," akasema huyo.

"Ndiyo," Zulmira akajibu, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Nimekosea. Kosa ni langu, si la nyumba. Nyumba iliungoja msalaba. Bi Mkubwa yuko juu anaungoja. Nawaombeni, rudini."

Nimfahamuvyo Zulmira, alikuwa hajawahi kumwomba mtu wa kijiji hiki kitu chochote. Belmiro naye alijua hivyo. Akavua kofia, ingawa alikuwa ameshika msalaba, akajikuna kichwa.

"Dada, ningekuwa mimi peke yangu ningerudi mara saba. Lakini huu si mimi. Msalaba haurudi nyuma. Padri angenila mzima."

Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa mashua. Avelino, ambaye husema maneno machache kwa mwaka, akatema mate mtoni.

"Nani amesema habari ya kurudi?" akasema. "Mimi nikitoka hapa lazima niupande mto kwanza, mkondo una nguvu. Ninapita chini ya Amial, pale penye ngazi za kupakia mapipa ya mvinyo. Kila mwaka ninapita. Kama pana maua, tunasimama. Kama hapana, hatusimami."

Belmiro akafikiri. Uso ukaanza kumfunguka.

"Kwa hiyo hatujarudi."

"Umerudi vipi, na wewe unaingia mashuani?"

"Hatujarudi!" Belmiro akawaambia wenzake kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliobisha. "Tunavuka! Panda, panda!"

Zulmira akanigeukia. "Kimbia wewe, una miguu."

"Nina miguu mimi?"

"Kimbia, dada! Maua!"

Nikakimbia, Mungu ni shahidi wangu. Yale ya jikoni hayaokotwi, yakishatandazwa yametandazwa. Nikaushika mkamelia ulio kando ya ghala la mvinyo, chini ya nyumba upande wa mto, nikautikisa kama mwizi wa matunda, nikabeba kwa sketi yangu kilichoanguka, nikamwaga juu ya ngazi zile za mapipa, za mawe yenye utelezi. Hayakuwa na mpango wowote. Zulmira akafika akiwa na shamari aliyoing'oa njiani, mizizi na udongo wake.

Ndipo mlango wa ghala hilo ukalia nyuma yetu. Bi Leocadia alikuwa ameshuka. Kutoka ukumbini hadi pale ni ngazi mbili za ndani na giza la mapipa, na yeye miguu yake ni ile unayoijua ya wazee. Alikuwa na ndara za chumbani. Akanishika mkono, akasimama kwenye maua.

Mashua ikatokea kwenye kona. Avelino amesimama anapiga kasia, Belmiro mbele ameinua msalaba wenye utepe, mpiga kengele anaipiga kwa nguvu kuliko kawaida. Nilipiga magoti, nikasikia maji yakinilowesha. Sikujali.

"Kristo amefufuka!" Belmiro akapaza sauti. "Aleluya! Amani kwa nyumba hii!"

Bi Leocadia aliubusu msalaba kwanza, kwa desturi. Halafu Belmiro akasita, asijue amwelekee nani. Bi Leocadia akasema, "Mwenye nyumba, bwana. Mwenye nyumba yuko hapo, ana matope." Zulmira akabusu.

Wakaingia kupitia ghala, wakapita jikoni, wakakanyaga zulia zuri la kamelia kutokea upande wa ndani, wakapanda juu. Maji ya baraka yakanyunyizwa kila chumba, hata kile cha popo. Walikula keki yote. Mwishowe Zulmira akaenda kwenye mlango mkubwa, akaufungua kwa mikono miwili, na msalaba ukatoka nje kwa ngazi za mbele, juani, huku Belmiro akinung'unika kwamba mwaka huu ameingia kwa mlango wa mvinyo na kutoka kwa mlango wa mabwana, na bado ana nyumba kumi na moja ng'ambo.

Tulibaki watatu. Bi Leocadia alikuwa ameketi jikoni, kwenye kiti cha kukamulia, miguu karibu na moto. Sikuwahi kumwona jikoni maishani mwangu. Zulmira alisimama mbele yake, ameinamisha kichwa.

"Bi Mkubwa, nisamehe. Ulisema watu wa jikoni…"

"Nyamaza kidogo." Bi Leocadia alisogeza ndara zake zikauke. "Kaka yangu aliikimbia nyumba hii. Mimi niliikimbia. Watu wote wa damu yangu, mmoja mmoja, waliikimbia. Leo nimesimama dirishani, nimeona mtu anaikimbilia. Na aproni."

Nadhani Zulmira hakuwa na hakika amesikia nini.

"Kwa hiyo, Bi Mkubwa?" nikauliza mimi, maana mmoja wetu ilibidi aulize.

"Kwa hiyo nipeni supu," akasema. "Kesho ni sikukuu, mwanasheria hafungui. Tutakwenda Jumanne."