Kliki Masikioni, Mkono wa Mwalimu Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio moja ya mtaa wa Soweto, Mbeya, niliingia na fimbo zangu za dramu kwenye mfuko wa rambo. Mkuu wa Studio alinifungia kwenye chumba kidogo kama stoo, kuta zimepigiliwa magodoro ili sauti isitoke. Kulikuwa na dirisha moja la kioo la kuionea kwaya. Baridi ya Mbeya mnaijua: punde kioo kikajaa ukungu wa pumzi yangu, nikawa nakifuta kwa kiwiko huku napiga.

"Kijana," aliniambia, "hapa tunarekodi wote pamoja. Mwimbaji akikosea, wenzake watamfunika. Wewe ukikosea, umetuharibia wote."

Maneno hayo sikuyazoea kamwe. Nimepiga kwenye nyimbo nyingi kuliko ninazoweza kuzitaja, za Walutheri, za Wakatoliki, hata za harusi, na kila taa nyekundu ya kurekodi ilipowaka mikono yangu ilipoa. Ninyi mnaokosea mkafuta kwenye kompyuta, msinicheke.

Baadaye nilihamia Iringa, kwa Mtayarishaji Mkuu, mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa kliki. Kliki ni ule mlio wa tik-tik ndani ya hedifoni za mpiga dramu, usiobadilisha mwendo hata kidogo. Kwaya zetu nazo huimba kwa mkono wa mwalimu. Mkono ukipunguza mwendo, nazo hupunguza. Mpiga dramu anabaki katikati, roho mkononi.

Siku moja ilikuja kwaya kutoka upande wa Tosamaganga kurekodi wimbo wa kumkumbuka mwenzao waliyemzika. Mama wa marehemu alikuwa mstari wa mbele, anaimba na wenzake. Mwalimu wao, mzee mwembamba, alichungulia chumbani kwangu, akanisalimu Kihehe.

"Kamwene, baba. Ubeti wa mwisho tutaenda polepole. Yule mama haraka haiwezi."

Mtayarishaji Mkuu alimsikia. "Fuata kliki," akaniambia. "Ukiiacha, kesho usije."

Nilikuwa na watoto shuleni na vyumba vya kupanga Ipogolo, wala sikujua kazi nyingine.

Ubeti wa mwisho ulipofika, mkono wa mwalimu ulishuka taratibu. Kliki ilikuwa inakimbia masikioni mwangu. Nilimwona yule mama amefumbua mdomo, sauti haitoki, macho yake kwa mwalimu. Nikatikisa kichwa mpaka hedifoni zikaniangukia shingoni, nikaufuata mkono. Niliogopa, ila sikuzirudisha masikioni. Yule mama aliimba hadi neno la mwisho.

Mtayarishaji Mkuu alizima taa, akafungua mlango. "Wimbo umetoka mzuri sana," alisema. "Kesho usije."

Sikurudi. Nilikaa nyumbani nikiwatazama wanangu wakila, nikiwaza kodi na ada. Kisha walimu wa kwaya wakaanza kuniulizia kwenye studio nyingine, Iringa na Mbeya: yuko wapi yule anayeangalia mkono? Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi mpaka magoti yalipokataa kanyagio la dramu kubwa. Kila dirisha jipya niliogopa upya.

Sasa nimestaafu. Jumapili nakaa kwenye benchi kama waumini wengine. Kwaya ikisimama, mikono inapoa. Juzi jirani yangu aliniona nikitetemeka.

"Mzee, unaumwa?"

"Naogopa tu."

"Unaogopa nini, baba, na leo anapiga mwingine?"

"Ndicho hicho," nikamwambia. "Sijui kama anauangalia mkono."