Mkate wa Kushikana

Nilipokuwa na miaka tisa, mama yangu alipata mimba iliyomkatalia kila kitu. Chapati ilimtapisha, matoke yalimtapisha, na harufu ya samaki ndiyo usiseme. Kitu pekee kilichokaa tumboni mwake ni mikate ya Mama Rosa, mwanamke wa Meksiko aliyekuwa na duka la mikate mwendo mfupi kutoka kwetu Kimaka, Jinja. Kila Jumamosi asubuhi mimi ndiye niliyetumwa.

Kwa Mama Rosa hukuonyesha kitu kwa kidole ukapewa, kama madukani kwetu. Ulichukua sinia na koleo, ukazunguka mwenyewe ukichagua. Siku ya kwanza nilisimama na koleo langu nisijue nianzie wapi, na baadaye nikajifunza kwa kukosea. Ule wa mviringo, wenye sukari juu iliyochorwa mistari kama gamba la kobe, ulikuwa mtamu ila ulitaka kuliwa siku hiyo hiyo. Ule wa pembe ulifaa kwa chai. Ule wa kahawia ulionukia tangawizi ulikuwa na umbo la nguruwe, na siku nilipoufikisha nyumbani, nyumba ya Waislamu, baba aliugeuzageuza akauliza umetengenezwa na nini. Unga na sukari guru, nikasema. Mkate tukampa mbuzi wa jirani, na hata leo sijui kama tulikosea.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Jaja, mama yake mama, alikuja kutoka Nabuyonga, Mbale, kumsaidia binti yake. Jaja alikuwa na sheria zake. Jioni ya kwanza aliniketisha jikoni.

"Amina, wewe ndio unaleta chakula ya mama yako. Sikia. Mwenye mimba hakuli kitu ya kushikana. Hata ndizi mbili ya ganda moja, tupa. Akikula, anazaa mapacha, na mapacha ni mzito. Moja anaweza rudi."

"Anarudi wapi, Jaja?"

"Huko alitoka."

Jumamosi iliyofuata nilichelewa. Rafu zilikuwa karibu tupu: nguruwe sita, na mkate mmoja ambao sikuwahi kuununua, mabonge mawili ya mviringo yaliyoshikanishwa katikati kwa jemu nyekundu, yakapakwa siagi na nazi. Nilimfikiria mama, ambaye tangu jana yake alikuwa amekunywa maji tu. Nikauchukua. Njiani maneno ya Jaja yakanirudia, na hapo nikajiona mjanja kweli: niliubandua, nusu nikaila pale pale barabarani, nusu nikampelekea. Mama aliimaliza akalamba vidole, nami nikafurahi sana.

Wiki tatu baadaye alijifungua Hasan na Husseini. Husseini alikaa siku mbili.

Baada ya maziko Jaja aliuliza, bila kumtazama mtu, "Nani alimupa kitu ya kushikana?"

Hesabu nilikuwa nimeshaipiga: mkate ule ulikuwa wa watoto wawili, na nusu ya mmoja niliila mimi. Nilikuwa nimemla mdogo wangu. Sikumwambia mtu. Nilikataa kutumwa tena kwa Mama Rosa, nikachapwa, nikazidi kukataa, mpaka mikate ile ikaacha kabisa kuingia kwetu. Hasan nilimbeba mgongoni hata miguu yake ikawa inagonga magoti yangu, na akikohoa niliamka kabla ya mama. Watu walinisifu kwa upendo. Ulikuwa upendo, ndiyo, lakini ulikuwa na woga mwingi ndani yake.

Mwaka huu nilimwambia mama. Jaja ameshafariki, mama amerudi kuishi Nabuyonga, nami nina watoto wangu. Nilidhani nitasimulia nikicheka. Sikuweza kucheka. Mama aliacha mchele aliokuwa akiuchambua.

"Daktari aliniambia wako wawili hata kabla Jaja hajafika," alisema. "Aliona kwa mashine. Akasema mmoja ni mudogo sana, moyo yake haiko sawa. Nilimuficha Jaja, angeanza kulia mapema."

"Na ule mkate?"

"Niliona jemu iko upande moja, nikajua umekula nusu. Nikasema afadhali, na huyu ameonja."

Nilimkasirikia kwa muda, bila haki yoyote. Angejibuje swali ambalo sikuwahi kumwuliza?

Jumamosi iliyopita nilikwenda Jinja kumwona Hasan, nikamwomba anisindikize dukani. Mama Rosa aliondoka zamani, lakini msichana aliyemfundisha kuoka sasa ni mama mtu mzima na bado anaoka, na masinia na koleo bado vinakaa mlangoni. Hasan ana ndevu siku hizi. Hakuwahi kuingia mle, kwa hiyo alisimama na koleo vile vile nilivyosimama mimi.

"Dada, nijaribu gani?"

Nikamwonyesha ule wa kushikana. Tulipotoka nje aliubandua, akaninyooshea nusu. Najua alichosema mama ni kweli, na daktari namwamini. Lakini mkono wangu haukunyanyuka.

"Kula zote," nikamwambia. "Zote mbili ni zako."