Pumzi Nyuma ya Kisogo Changu

Kazi yangu ni kukimbia mbele ya mwanamke. Cheka tu, hata mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Miaka sita sasa, kila Jumanne asubuhi, niko kwenye kiwanja cha udongo hapa Iten, saa mkononi, na shemeji yangu Naumi Jesang, mdogo wa mke wangu, yuko nyuma yangu hatua mbili. Yeye ndiye bingwa, ndiye anayepanda ndege kwenda marathoni za ng'ambo. Mimi namkatia upepo na kumshikia kasi. Kilomita moja, mara kumi na mbili, na katikati dakika moja na nusu ya kupumzika. Kasi ni ile aliyoandika kocha, basi. Vijana wanaotaka kushinda mazoezi wamejaa hapa mjini, na mashindano yenyewe wanayatazama kwenye televisheni ya hoteli.

Kwa kazi hii humwoni unayemwongoza, unamsikia. Pumzi ya Naumi naijua kuliko sauti yake. Mara ya nne inaanza kukwaruza puani. Mara ya saba anafungua mdomo. Mara ya kumi anaguna kila kona, na ya kumi na mbili ananitukana, matusi mazito ya wachunga mbuzi wa bondeni. Nikisikia tusi najua kazi imefanyika.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mara ya kumi, kimya. Nikadhani nimemwacha. Nikageuka, jambo ambalo mtu wa kazi yangu hafanyi. Alikuwa pale pale, mdomo umefungwa, uso mkavu, kama mtu aliyekaa jikoni anachambua mboga za managu.

"Shemeji, unageuka nini? Umechoka?"

"Nilidhani umebaki."

"Mimi? Wee! Ongeza mwendo bwana, ama miguu imezeeka?"

Nikaongeza. Kilomita ya mwisho tuliimaliza kwa dakika tatu na sekunde moja, huku juu ambako mgeni akipanda ngazi tu anaona vimulimuli. Naumi hakutukana. Aliinama akafunga kamba za viatu, akaniuliza kama dada yake ameweka mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu.

Mtu habadiliki hivyo kwa wiki chache. Mwili nimekaa nao, naujua. Unapanda polepole, unarudi nyuma, unaumwa, unapanda tena.

"Naumi, unachomwa sindano ya nini?"

Hata hakushtuka. "Kitu cha kuongeza damu. Kocha ndiye anajua jina."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Aka, shemeji, usinitolee macho! Wale ninaokimbia nao wanakunywa maji matupu? Unataka niwe mtakatifu wa nambari ishirini?"

Ptuu! Kama si heshima ya mke wangu ningetema mate miguuni pake. Miaka sita! Milima yote ile, kulala saa mbili usiku, mtoto wake kuachiwa nyanya, na kumbe sasa yote hayo yamepikwa kwenye kichupa kinachokaa kwenye friji karibu na maziwa ya chai. Nikaondoka kwa miguu, moja kwa moja hadi kambini.

Kocha Kaptich alikuwa amekaa uani anakula mayai ya kuchemsha. La tatu au la nne, sijui, kiini kimemganda kwenye ndevu. Wasichana wa kambi walikuwa pale pembeni wanafua viatu. Sikujali.

"Kocha, wewe ni mchafu," nikasema. "Mchafu kama choo cha sokoni. Unamchoma sindano mtoto wa watu!"

"Baba Chelimo, kaa chini. Chai iko."

"Chai yako mwagia mbwa! La kuvunda halina ubani. Leo napigia watu wa kupima dawa, namba ninayo hapa. Afungiwe Naumi miaka minne, afungiwe hata ndoto zake, na wewe uende jela. Mke wangu akitaka kuniacha, aniache. Mimi katika mchezo huu nimeingia safi na nitatoka safi!"

Wasichana waliacha kufua. Kaptich alimenya yai jingine taratibu, akalitia chumvi.

"Una miaka mingapi, Baba Chelimo?"

"Thelathini na tisa. Inahusu nini?"

"Kilomita ya mwisho leo, dakika ngapi?"

"Tatu na moja."

"Halafu ukapanda kilima mpaka hapa kuja kunitukana, na huhemi. Ukiwa na miaka ishirini na tano uliweza hiyo?"

Ukweli ni kwamba sikuweza. Nikiwa na miaka ishirini na tano, kilomita ya nane ilikuwa inanilaza kwenye nyasi.

"Nyani haoni kundule," akasema. "Mwenye kumkatia Naumi upepo lazima na yeye auweze mwendo wake. Ile sindano ya goti ninayokuchoma kila Ijumaa, hebu niambie: hilo goti liliwahi kukuuma kabla sijakwambia ni bovu?"

Msichana mmoja alicheka, kisha akajiziba mdomo.

Na mimi, mjinga mkubwa, mwezi mzima nilikuwa nawahubiria vijana dukani. Nidhamu, vijana! Lala mapema, kula managu, pombe acha, nitazameni mimi! Nilijipapasa kifua, nikaona kama nimevaa nguo ya ndani ya mtu mwingine, bado ina jasho lake. Nikakimbilia kwenye ua wa michongoma nikatapika, mbele ya wote, mpaka nikabaki natoa maji ya njano.

Kaptich alikuwa anacheka. "Piga sasa hiyo simu! Piga, si una namba?"

Nilifuta mdomo kwa shati, nikapiga.

Wakati inaita, Naumi aliingia langoni mbio. Aliniona na simu sikioni, akamwona kocha, akaelewa. Akasimama pale pale, mikono kichwani.

"Shemeji," akasema. "Shemeji, tafadhali. Mtoto wangu."

Mwanamke wa upande wa pili alipokea. Akauliza ninataka kumripoti nani.

"Barnaba Kiptarus," nikasema. "Andika. Ni mimi mwenyewe ninayezungumza."

Nilisikia kalamu yake. Kicheko cha Kaptich kilikatika, akainuka, yai mkononi.

"Aliyekupa dawa ni nani?"

Nikamtaja Kaptich, majina yake yote matatu, na jina la baba yake kwa nyongeza.

"Kuna mwingine?"

Naumi alikuwa amepiga magoti kwenye lile povu la kufulia viatu, ananitazama.

"Yupo," nikasema.